Daktari Aliyechora Jua

Daktari hakuwa na haja na nyota. Wageni waliofika idarani kwetu wakiwa wameambiwa kwamba kuna mwanamke hapa Kisii anayefanya utafiti wa anga walitaka kusikia habari za nyota, naye aliwajibu kwamba nyota hutoka usiku, kwamba usiku wa Kisii una mawingu, na kwamba mtu mzima usiku hulala. Yeye alishughulika na nyota moja tu, ile inayotoka wakati mtu ameshavaa viatu.

Alikuwa akichora jua. Ningeweza kulisema kwa lugha ya kitaalamu, lakini yeye mwenyewe alilisema hivyo. Kila asubuhi saa tatu alipanda ngazi ya chuma hadi kwenye paa la maabara ya fizikia, akaisimamisha darubini yake ndogo juu ya miguu mitatu, akaielekeza kwenye jua, na kuuacha mwanga uanguke kwenye karatasi nyeupe nyuma ya darubini. Hapo lilitokea duara lenye ukubwa wa kisahani, na ndani yake madoa meusi: siku nyingine matatu, siku nyingine ishirini, siku nyingine hakuna hata moja. Aliyachora kwa penseli, moja moja, kila doa mahali pake. Aliandika tarehe na saa, akatia sahihi, akashuka kwenda kufundisha akiwa ameshachelewa. Kama mbingu zilikuwa zimefungwa, aliandika neno moja katikati ya ukurasa, MAWINGU, akatia sahihi vilevile.

Jumamosi hakuchora, kwa kuwa alikuwa Msabato. Siku hiyo alichora fundi wa maabara, ambaye ni Mkatoliki, na Daktari alikuwa akimwombea asibadili dhehebu.

Mimi nilifika chuoni kutoka Nyacheki nikiwa na alama za kutosha kusomea ualimu wa fizikia na tarumbeta niliyojifunza kupiga shuleni. Nilidhani vitu hivyo viwili havitakutana. Siku ya kwanza ya mazoezi ya bendi ya chuo niliingia ukumbini nikamkuta mhadhiri wangu wa fizikia amekaa safu ya nyuma, amepakata tuba, lile tarumbeta kubwa la shaba linalokaa mapajani kama mtoto aliyekataa kuachishwa ziwa. Aliniangalia juu ya miwani.

"Wewe umepata ngapi kwenye jaribio la mwendo?" akaniuliza.

"Kumi na moja kwa ishirini, Daktari."

"Basi kaa mbele, usije ukaniambukiza."

Hakuwa na mzaha usoni. Nilikaa mbele miaka minne.

Jinsi alivyoingia bendi ni hadithi fupi. Mwanafunzi aliyekuwa akipiga tuba alihitimu, akaiacha jukwaani, na kwa muhula mzima hakuna aliyetaka kuibeba. Daktari alikuwa akipita ukumbini kila siku akienda kula. Siku moja alimwuliza mwongoza bendi kile chombo ni cha nani. Akaambiwa si cha mtu. Alisema kitu kizito namna ile hakiwezi kuwa si cha mtu, akaenda nacho ofisini, na kwa mwezi mmoja watu wa idara ya hesabu, walio ukuta mmoja naye, walidhani kuna mabomba yanayotengenezwa.

Hakuwa mpigaji hodari. Alikuwa mpigaji wa uhakika. Tuba hunyamaza sana, na wapigaji wengi hupotea katika ukimya huo, wakarudi mapema au wakasahau kurudi kabisa. Yeye hakupotea hata mara moja. Alituambia kwamba watu wanadhani kazi ya tuba ni kupuliza, kumbe kazi yake ni kuhesabu, na kupuliza ni namna ya kuwajulisha wengine umefika wapi. Ubaya wake ulikuwa sauti. Asubuhi zenye baridi chombo chake kililia chini kidogo ya bendi nzima, na hakukubali.

"Daktari, umeshuka," mwongoza bendi alimwambia.

"Waliobaki wamepanda," akajibu.

"Ni watu ishirini na wanane, Daktari."

"Wingi si kipimo."

Na huyu ndiye aliyetufundisha darasani kwamba mtu akiona vipimo vyake vinatofautiana na vya wengine wote, aanze kukagua chombo chake. Nilimkumbusha hilo siku moja. Alinishukuru, akasema ni kanuni nzuri, akaendelea kupiga chini.

Mwongoza bendi alikuwa mtu wa ziwani, karani wa benki mjini, mpole, mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa kwa bendi tu. Yeye na Daktari walizungumza Kiswahili, kwa sababu lugha ya huyu haikuwa ya yule, na kila mmoja alikisema polepole akimwonea huruma mwenzake. Mara moja Kiswahili kiliwaangusha. Daktari alimwomba ruhusa ya kukosa mazoezi. Alisema, "Baba amelazwa." Mwongoza bendi alimpa ruhusa, na jioni yake akanunua machungwa akaenda hospitali. Aliingia wodi ya wanaume, akauliza mzee mwenye jina la ukoo wa Daktari, akaonyeshwa mmoja, kwani jina hilo kwetu halina upungufu. Alikaa na mzee yule nusu saa, akammenyea machungwa. Kesho yake akamwambia Daktari kwamba baba yake anaendelea vizuri na amekula.

Daktari alifikiri. Kisha akamweleza kwamba hizo ni habari zitakazowashangaza wengi, maana baba yake alikuwa amezikwa tangu yeye akiwa shule ya msingi. Katika Ekegusii, lugha yetu, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Aliyelazwa alikuwa mama yake, wodi ya pili, upande wa kushoto. Mwongoza bendi alinunua machungwa mengine. Kwa mzee yule wa wodi ya wanaume alirudi pia, kwa sababu, alisema, walikuwa wameshazoeana.

Nitarudi kwenye ugonjwa huo, kwa kuwa una sehemu yangu. Lakini kwanza niseme habari ya Sabato.

Mazoezi ya bendi yalikuwa Ijumaa jioni, na Sabato huingia Ijumaa jua linapotua. Msabato mwingine angeacha bendi, au angeacha kujali. Daktari alikokotoa. Alibandika mlangoni mwa ukumbi jedwali la kila Ijumaa ya mwaka, saa na dakika ya kutua kwa jua, na dakika hiyo ilipofika aliitua tuba, hata tukiwa katikati ya wimbo, akafunga sanduku lake na kututakia Sabato njema. Tulizoea kumalizia bila yeye. Wimbo mmoja tuliupenda zaidi ukiisha bila tuba, lakini hatukumwambia.

Ulitokea ubishi kanisani kwao. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye shamba lake liko bondeni, alimwona Daktari akitoka chuoni Ijumaa jua likiwa limeshapotea, akamshtaki kwa kuvunja Sabato. Daktari alienda kwake na jedwali. Mimi nilikuwepo, kwa sababu nilimbebea sanduku. Alimweleza mzee kwamba jua linapojificha nyuma ya kilima halijatua. Limezibwa tu, na bado liko juu ya upeo kwa dakika kadhaa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikiwa hapa kwangu," mzee akasema, "Sabato inaingia jua likienda nyuma ya kile kilima."

"Na yule anayekaa upande wa pili wa kilima, mzee? Yeye bado ana jua. Sabato yake inaingia lini?"

"Yule wa upande wa pili," mzee akasema, "ana mzee wake."

Daktari aliaga. Tulipotoka alisimama njiani, akafungua daftari lake, akayaandika maneno yale. Aliniambia kwamba lile ndilo jibu bora kuhusu mahali pa mtazamaji alilowahi kusikia, na kwamba amesoma vitabu vinene visivyolifikia. Tangu siku hiyo, akiwa upande wa bonde aliitunza Sabato kwa kilima, na akiwa chuoni kwa jedwali.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo yasiyolingana. Alisomeshwa na majani chai, akiyachuma mwenyewe kabla ya kwenda shule, na hakuwahi kunywa chai. Aliweza kukuambia doa fulani la jua lilikuwa wapi Jumanne ya miaka minane iliyopita, na hakujua mwavuli wake ulipo. Aliwachukia wanaochelewa, na alichelewa kila siku ya jua. Majirani wa kijijini walilielewa neno daktari kwa maana ya hospitali, na alichoka kuwarekebisha. Mama mmoja alimletea mguu uliovimba. Daktari aliutazama kwa makini, kama anavyotazama kila kitu, akamwambia, "Nenda hospitali leo, usingoje kesho." Yule mama alienda, akapona, na kwa miaka mingi alimsifu Daktari kuwa anatibu kwa kuangalia.

Nilimwona akikasirika mara moja tu. Tulikuwa juu ya paa, wanafunzi sita, na darubini imeelekezwa kwenye jua. Mwenzetu mmoja, kwa kutaka kuona vizuri zaidi, aliinama kuweka jicho pale mwanga unapotokea. Kuna namna moja tu ya kupofuka kwa haraka kuliko hiyo, nayo ni ya chuma cha moto. Daktari alimvuta kwa ukosi wa shati. Alimvuta kwa nguvu hata wote wawili wakaanguka, na mguu wake ukaipiga darubini ikaanguka pia, chini kabisa, kwenye saruji ya uani. Tulisikia kioo. Yeye hakugeuka kuitazama. Alimshika mwenzetu uso kwa mikono miwili akamwuliza vidole hivi ni vingapi, na hivi, na hivi, na alipohakikisha anaona, akamzaba kofi. Kisha akashuka. Ilichukua muda darubini kutengenezwa. Kwenye daftari la siku zile aliandika, kila siku, DARUBINI IMEANGUKA, na sahihi. Hakuandika nani kaiangusha.

Tamasha za bendi tulifanya ukumbini, chini ya mabati, alasiri, yaani saa ambayo Kisii hunyesha. Kwenye tamasha moja ya mahafali mvua ilishuka katikati ya wimbo wa pili, na watu wa safu ya mbele walituona tukipuliza kama samaki, pasipo sauti. Mwongoza bendi alitaka kusimamisha. Daktari alitikisa kichwa kutoka nyuma, akaendelea, nasi tukamfuata, maana ndiye pekee aliyejua tumefika wapi. Tulipiga nyimbo tatu ndani ya mvua. Baadaye nilimwuliza faida yake nini kupiga wakati hawatusikii.

"Hatujui kama hawasikii," alisema. "Tunachojua ni kwamba sisi hatujisikii. Usichanganye hayo mawili."

Sasa nije kwenye lile ninalolizunguka.

Mwaka wangu wa nne Daktari alinichukua nifanye mradi wangu chini yake. Alikuwa akiandika makala kuhusu umri wa makundi madogo ya madoa: yanazaliwa lini kwenye uso wa jua, yanakufa lini. Kazi hiyo inataka siku zinazofuatana. Kundi likionekana leo na keshokutwa, na kesho hujui, huwezi kuapa kwamba ni lilelile. Alikuwa na mfululizo mzuri wa siku za jua, mrefu kuliko aliowahi kuupata Kisii, na bado ulikuwa unaendelea mama yake alipozidiwa. Fundi wa maabara alikuwa likizoni. Daktari aliniita ofisini.

"Utachora wewe," akasema. "Saa tatu. Ukiona, chora. Usipoona, andika mawingu."

Mama yake alifariki wiki hiyo. Daktari alikwenda nyumbani kwa mazishi, na matanga yalichukua karibu wiki mbili.

Nilichora vizuri siku nyingi. Kisha ikaja asubuhi moja ya jua safi, nami sikupanda. Bendi ilikuwa na tamasha na nilikuwa nimepewa kipande cha kupiga peke yangu, na mwongoza bendi aliomba ruhusa benki ili tufanye mazoezi saa tatu. Niliwaza nitapanda saa sita. Saa sita mawingu yalikuwa yameingia. Siku iliyofuata mvua ilianza alfajiri ikanyesha kutwa. Ya tatu vilevile.

Ningeandika mawingu siku zote tatu na hakuna ambaye angeniuliza. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko yote niliyowahi kufikiria. Sikutaka amalize kumzika mama yake, aje akute mfululizo wake umekatika mikononi mwangu, na ukurasa mmoja wa mawingu ni wa uongo. Siku ya nne jua lilitoka. Nikachora. Niliona kundi la madoa karibu na pale nilipoliacha kundi la kwanza, limesogea kama inavyotakiwa, kwa sababu jua huzunguka. Nikachukua penseli nikazijaza siku tatu za katikati. Nililisogeza kundi lile kila siku hatua moja, hatua sawa, likapungua kidogo na kuongezeka kidogo. Nikatia sahihi.

Daktari alirudi amekonda. Alipitia kurasa akiwa amesimama, akafika kwenye zile tatu, akakaa kitini. Alizitazama kwa muda. Akasema, "Asante. Umenisaidia." Nikatoka.

Makala ilichapishwa baada ya mimi kuhitimu. Nilikuwa nafundisha sekondari, nikafurahi, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba jina langu limo mwishoni, kwenye shukrani.

Yaliyofuata nilielezwa na fundi wa maabara. Nilikuwa nimekuja chuoni Jumapili moja alasiri kusikiliza bendi, nikamkuta uani akivuta kiti.

"Makala ya Daktari imeondolewa kwenye jarida," akaniambia.

"Imeondolewa na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Aliandikiwa na mtafiti wa nchi za mbali, barua ya heshima kabisa. Kwamba wanaochora jua kwingine hawakuona kundi lile siku tatu fulani. Kundi la kwanza lilikufa, likazaliwa lingine karibu na hapo. Sisi tumechora moja."

Nilimwuliza Daktari alifanya nini.

"Alienda kiwanda cha chai. Unajua wale wanapima mvua kila asubuhi, wana kitabu. Akaomba zile siku tatu. Mbili mvua ilinyesha kutwa. Sasa utachoraje jua kwenye mvua?" Fundi alinitazama, na nilijua anajua kwamba wakati ule alikuwa likizoni na kwamba darubini ilikuwa na mimi. "Aliandika makala iondolewe. Na ilikuwa mwezi mmoja kabla ya kuhojiwa kupandishwa awe profesa. Kwenye mahojiano wakamwuliza kosa ni la nani. Akasema ni lake. Wakamwuliza kama alikuwa na wasaidizi. Akasema wote walikuwa chini yake."

"Wakampandisha?"

"Hapana," fundi akasema, akainua kiti chake akaenda.

Niliingia ukumbini nikakaa. Daktari alikuwa safu ya nyuma na tuba yake. Nilimtazama tamasha nzima akihesabu. Mwishoni alinipita mlangoni.

"Bado unapiga?" akaniuliza.

"Kidogo, Daktari."

"Usiache kabisa. Midomo inasahau."

Hicho ndicho alichosema, na mimi sikusema zaidi. Nilikuwa nimeona amenificha, nikawa namhofia kama mtu anavyomhofia aliyemfichia siri. Kila mwaka nilipanga kumwendea na kila mwaka nilipata sababu. Alistaafu akiwa mhadhiri mwandamizi. Katika sherehe ya kumuaga, walioleta hotuba walisema alikuwa mnyenyekevu. Mimi sikwenda; nilituma blanketi.

Mwaka jana, Jumapili moja ya Agosti, nilikwenda. Anakaa kijijini sasa, upande wa Birongo, katika nyumba yenye migomba nyuma na uwanja mdogo wa majani mbele. Nilimkuta amekaa nje na kofia ya kiume kichwani, anamenya viazi vitamu. Sikio lake la kushoto limekufa, alisema, kwa kukaa miaka yote karibu na ngoma. Alinihamishia kulia. Alinipa kisu cha pili. Tulimenya.

Nilikuwa nimetunga maneno njiani. Niliyasahau.

"Daktari, zile siku tatu nilichora mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa matangani, na fundi alikuwa kwao. Ningedhani ni nani?"

Nilimwambia kwamba nilijua alichopoteza. Nilimwambia kwamba aliponificha mbele ya wale waliomhoji nilipaswa kusimama siku ileile, na kwamba nimekaa na jambo hili miaka yote na sijapata pa kuliweka. Alimenya kiazi alichoshika mpaka kikaisha.

"Ya kwanza haikunyesha," akasema. "Niliona kwenye kitabu cha kiwanda. Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Mazoezini. Nilikuwa na kipande changu peke yangu."

"Ulikipiga vizuri?"

"Hapana. Niliharibu katikati."

"Basi hata huko hatukupata kitu," Daktari akasema, akachukua kiazi kingine.

Kisha akasema lile ambalo sikuwa nimelitegemea. Alilisema kwa sauti ileile, akitazama kisu.

"Sikukuficha. Usijipe hiyo. Niliulizwa kosa ni la nani, nikajibu. Siku ile niliporudi kutoka kuzika, nilipofungua zile kurasa, niliona. Lile kundi lilikuwa linatembea kwa hatua sawa kama watoto wa chekechea wakivushwa barabara. Jua halina adabu namna hiyo. Nimelichora zaidi ya nusu ya maisha yangu, halijawahi kutembea hivyo. Nilikaa pale kitini nikajua. Na nikaona kwamba nikikuuliza, utanijibu, na mfululizo umekwisha. Nilikuwa nimetoka kupoteza kitu kimoja mwezi huo. Cha pili sikukitaka. Nikasema asante."

Nilikiweka kisu chini.

"Kwa hiyo la kwanza ni lako," akaendelea, "siku tatu, na uongo wake, na lichukue lote, usimwachie mtu. La pili ni langu. Mwenye jina mbele ya makala ndiye anayejua au anayetakiwa kujua, na mimi nilijua. Hao walionihoji walipima sawasawa. Kwa kweli ndio kipimo pekee walichowahi kupima sawasawa pale."

Alinitazama kuona kama nimeelewa, kama alivyokuwa akitutazama darasani. Niliona aibu, na chini ya aibu kitu kingine ambacho mpaka leo sina hakika kinaitwaje. Kwa miaka mingi nilikuwa nimebeba mzigo wa watu wawili nikidhani wote ni wangu. Nusu yake alikuwa amekaa nayo mwenyewe huku, mbele ya nyumba yake.

Nikamwuliza kama bado anachora. Akasema darubini ni ya chuo. Ila fundi humpigia simu kila asubuhi kumwambia madoa ni mangapi, na ya Jumamosi, kwa heshima ya Sabato, humpigia Jumapili.

Jirani yake aliingia uani kuazima jembe, mama wa makamo, amejifunga leso kiunoni. Alinisalimu, "Bwakire," akamwuliza Daktari mgeni huyu ni nani, kama ni mtoto wa dada yake.

"Hapana," Daktari akasema. "Huyu tulifanya kazi pamoja."

"Kumbe naye ni mtu wa jua?"

Daktari alinitazama kwanza. Sikuwahi kumwona akijibu swali la ukweli kabla ya kulikagua.

"Ndiyo," akasema. "Isipokuwa siku tatu."

Yule mama alinigeukia, akadhani niliugua.

"Pole sana," akaniambia.

Nikamshukuru.